Siku Sita Hadi Mbale

Kwa miaka tisa Kageha alisambaza mikate kwa baiskeli kwenye vibanda vya Lindi na Kisumu Ndogo, mitaa ya mabanda ya Nairobi, na katika miaka hiyo yote hakuanguka hata mara moja. Ndiyo maana alipoamua kwenda kwao Mbale, Vihiga, kwa baiskeli, mama yake akitimiza miaka sabini, hakuliona kuwa jambo la kuogopesha. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha. Enzi zake alikuwa mhudumu wa afya kijijini, akizunguka kwa baiskeli kutazama wajawazito, na watu walisema mwanamke hapandi kitu kama hicho. Aliwasikia, akawapita.

Kageha aliipeleka baiskeli kwa Nzembi, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Kabiro kule Kawangware. Nzembi alikuwa mwanamke wa Kitui, mwembamba, asiyependa maneno mengi, mwenye kovu refu kutoka goti la kushoto hadi kifundo. Kwao Kitui alikuwa ameshaenda kwa baiskeli mara tatu.

"Umewahi kushuka ule mteremko wa Mai Mahiu?" Nzembi aliuliza, akibana breki.

"Bado. Lakini breki ziko poa."

"Ziko poa za kushuka Lindi, Kageha. Mai Mahiu ni story ingine."

Kisha akavuta suruali juu kidogo, akamwonyesha lile kovu. Alilipata akielekea Mwingi, njia ya kwao. Alikuwa akiendesha kwenye ukingo kabisa wa lami, akidhani ndiyo usalama. Dereva wa lori akaona nafasi imebaki, akajipenyeza. Gurudumu la Nzembi likateleza ukingoni, naye akaanguka upande wa lori.

"Siku hizi nakaa ndani kidogo, dereva anione na apunguze," alisema. "Na nikiona hapunguzi, natoka mapema. Sibishani na lori."

Alibadilisha raba zote za breki, akafunga kioo kwenye usukani, akamtafutia Kageha helmeti na koti la reflekta. Kwa mwezi mzima walipanda hadi Limuru kwa mazoezi kila Jumapili baada ya kanisa. Wiki ya mwisho Nzembi akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Nimeamua tutaenda wote."

Waliondoka Jumatatu alfajiri. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, Nzembi alimsimamisha Kageha mara nne. Mara ya pili Kageha alianza kunung'unika kwamba watafika usiku. Nzembi akachukua chupa, akadondosha maji kwenye rimu ya nyuma iliyopashwa moto na breki, na maji yakachemka pale pale. Kageha hakunung'unika tena. Walilala Naivasha, na siku ya pili wakafika Nakuru.

Siku ya tatu, wakiwa wamepita Salgaa na wanapanda kuelekea Mau Summit, Kageha alikuwa mbele. Malori mawili yalikuwa yakishuka. Ghafla lile la nyuma likachomoka kulipita lenzake, likaja moja kwa moja upande wao. Kageha akatupa jicho kwenye kioo: trela lingine lilikuwa linapanda nyuma yao. Barabara ilikuwa imejaa.

"Toka!" Nzembi alipaza sauti.

Lami ilikuwa imeachana na udongo kwa kina cha shubiri nzima. Kageha alikumbuka alivyofundishwa kule Limuru: usiburute gurudumu kando ya ukingo, ruka sawasawa, weka uzito nyuma. Akaruka. Baiskeli ikatua, ikaserereka kwenye kokoto, ikamtupa. Kichwa chake kiligonga jiwe. Lori likapita, na upepo wake ukamfunika vumbi.

Alipoinuka, kiganja cha kulia kilikuwa kimechunika na helmeti ilikuwa na ufa kutoka mbele hadi nyuma. Aliigeuza mikononi kwa muda, akaupapasa ule ufa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na hakuona haya kujua hivyo.

Nzembi alikuwa amekaa kwenye nyasi, mzima, hajaguswa. Lakini alikuwa ameshika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, pale penye kovu. Kageha akaosha kiganja chake mwenyewe, akakifunga leso, akaenda kukaa kando yake.

"Tusimamishe gari," Nzembi alisema. "Tupakie baiskeli, twende. Hakuna mtu atatucheka."

"Leo hatupandi tena," Kageha alijibu. "Helmeti imepasuka, na wewe unatetemeka. Turudi Salgaa tulale. Lakini fundi, nisikilize. Ulichonifundisha ndicho kimenitoa pale. Ningebaki nimeng'ang'ania ukingo wa lami, ungekuwa unapiga simu kwetu saa hii."

Walirudi wakizikokota baiskeli nje ya lami, upande wa kutazamana na magari. Jioni hiyo Kageha aliagiza helmeti mpya kutoka Nakuru kwa mtu wa bodaboda, na Nzembi akakagua baiskeli zote mbili, spoku kwa spoku, hadi mikono yake ikatulia.

Asubuhi, Nzembi alisimama kando ya barabara muda mrefu, mguu mmoja kwenye pedali.

"Nitatangulia," Kageha alisema. "Fuata gurudumu langu. Nikiinua mkono, tunatoka."

Aliinua mkono mara kumi na moja siku hiyo kabla ya Kericho, na kila mara walitoka wote wawili bila kuulizana. Siku ya tano waliingia Kisumu. Ya sita, saa nane mchana, walikata kona ya nyumbani Mbale, wamechafuka, midomo imekauka, wakakuta watu wa sherehe wamejaa uani.

Mama yake Kageha alikuja polepole. Hakumkumbatia kwanza. Alifungua leso, akatazama kiganja kwa jicho la mhudumu wa afya.

"Uliogopa?"

"Sana, Mama."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni Fundi Nzembi wa Kawangware. Ndiye aliyenifundisha kuanguka vizuri."

Mama akamshika Nzembi mikono yote miwili, akamwambia kwa Kimaragoli, lugha ya kwao, maneno ambayo Nzembi hakuyaelewa, lakini aliinamisha kichwa kama aliyeyaelewa. Kisha bibi huyo wa miaka sabini akachukua usukani wa baiskeli ya Kageha, akaanza kuisukuma kuelekea sokoni, akiwaacha wageni na chai yao. Kila aliyemsalimia njiani alisimamishwa.

"Hii imetoka Nairobi," alikuwa akisema. "Na aliyeileta ni msichana wangu."