Diski Niliyoipima kwa Kiganja

Kitendawili. Najua msomaji huwezi kuniitikia, basi nitatega na kutegua mwenyewe: nilimlisha asishibe, nilipompasua tumbo nikakuta vyuma. Usijisumbue kuwaza. Ni diski ya kompyuta, niliinunua mimi, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe.

Mjukuu wangu wa kike anasomea kutengeneza filamu. Babu yake ni seremala, naye humwita mchumba, kwa hiyo mimi na mjukuu ni wake wenza, na tunapendana kwa kuchokozana. Ili apate cheti alitakiwa kupeleka filamu ya dakika ishirini. Akaazima kamera ya chuo kwa siku sita, akampiga picha babu yake akitengeneza viti, tangu kuchagua mbao hadi kupaka vanishi. Kamera ikarudi chuoni, viti vikachukuliwa na wenyewe. Picha zote zikawa ndani ya kompyuta yake, nayo ikajaa hadi ikakosa pa kuvutia pumzi. Bila diski ya kuzihamishia, hakuweza kukata wala kuunga kitu. Zilibaki siku kumi.

Nikasema diski nitanunua mimi. Akaniandikia kwenye karatasi: jigabaiti mia tano, dukani, na risiti. Nikamuuliza kama anajua anazungumza na nani. Nimeuza maharage miaka thelathini. Nikiinua kifuko kwa kiganja nakwambia kilo ngapi, na wanaokuja na mizani zao wamerudi nazo kwa aibu. Kwangu, kizuri ni kizito. Punje nyepesi imeliwa na mdudu.

Dukani nikapewa diski nyepesi kama biskuti. Nikaona siwezi kulipia upepo. Nje ya duka kulikuwa na meza, na juu ya meza diski iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu: terabaiti kumi na sita, nusu ya bei ya ile biskuti. Nikamwambia muuzaji kwamba nimeagizwa mia tano, hiyo kumi na sita si itakuwa ndogo? Hakunicheka. Alinieleza taratibu kwamba terabaiti moja ni jigabaiti elfu. Nikaiweka kiganjani. Ilikuwa nzito, imetulia, kama kilo ya maharage mapya.

"Bibi," akasema, "wewe si mtu wa kudanganywa."

Nami nikakubaliana naye.

Mjukuu aliigeuza ile diski mara mbili, akasoma lebo, akakunja uso. Akasema kwa upole kwamba kitu kikubwa hivyo kwa bei hiyo hakuna duniani, na lebo ni wino tu, yeyote huchapisha. Akaomba siku mbili aijaribu kwanza: aijaze mafaili yasiyo na maana, kisha ayafungue aone kama yametoka mazima. Nikanuna. Nikamuuliza nikipika huwa anampa paka aonje kwanza? Akaichomeka, na kompyuta nayo ikaandika terabaiti kumi na sita.

"Umeona? Hata mashine yako imenikubali," nikasema.

Nilimwona akitafuta neno na kulimeza kwa heshima, nikafurahi, mjinga mimi. Akahamisha picha zote, kisha akazifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kufanyia kazi.

Kesho yake akazifungua. Picha za siku ya kwanza zilikuwepo, na kipande cha siku ya pili. Zilizofuata zilikuwa na majina na ukubwa wake, lakini ndani hamna kitu, kama nyumba zilizohamwa watu wakasahau kung'oa namba mlangoni. Alijaribu kila njia anayoijua hadi adhuhuri. Hakunipigia kelele. Alikaa na mikono katikati ya magoti, na hilo ndilo lililoniuma.

Mzee akaja na bisibisi, akaifungua diski. Ndani mlikuwa na kadi ndogo kama ya simu, na nati mbili kubwa zimegandishwa kwa gundi. Mjukuu akaeleza kwamba kadi ile imefundishwa kuidanganya kompyuta. Ikijaa inaendelea kupokea, na inachopokea kinamwagika. Nikamuuliza nati je, nazo za kazi gani.

"Hizo ni za kiganja chako, Bibi."

Mzee akaziokota, akazipuliza vumbi, akasema angalau hizi ni nati kweli.

Nilirudi pale mezani nikiwa nimeandaa maneno yangu yote makali. Nikamkuta mwanamke anauza soksi. Nikanunua jozi moja nisionekane nimekuja bure.

Zikabaki siku nane. Kilichopona kilikuwa dakika nane za kufaa, na nusu yake inasikika sauti yangu nikimwambia mzee achane nywele. Mjukuu akanifuata jikoni. Akasema ana wazo, ila linanihusu: nikae mbele ya simu yake nieleze habari ya diski, mwanzo hadi mwisho, aiunge na babu na viti vyake, iwe filamu ya watu wawili wanaoamini mikono yao.

Nikakataa. Filamu za chuo huonyeshwa ukumbini, na wateja wangu wana watoto chuoni. Nani atanunua tena kifuko nilichokipima kwa kiganja? Nikaenda kuchambua maharage. Nilifika nusu ya sinia nikagundua naweka mabovu kwenye mazuri. Nikaoga, nikavaa gauni la harusini, nikaenda kuketi kwenye benchi la seremala, diski mkononi.

Mjukuu akaniuliza nilijuaje kuwa ni nzuri. Nikasema muuzaji alikuwa na maneno matamu, na jua lilikuwa kali, na siku hizi maandishi ni madogo. Akazima simu. Mara ya pili nikaanza na jua tena, mzee akacheka nyuma ya mlango, ikabidi turudie. Mara ya tatu mjukuu aliinama, akanirekebishia ukosi wa gauni.

"Sema tena, mke mwenzangu. Ila usijitetee."

Nikainua kiganja mbele ya simu, nikasema: "Niliambiwa ninunue nini. Nikanunua nzito."