Nati Niliyoilegeza kwenye Cherehani ya Dada

Akina mama wenzangu, haya yamenipata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na aliyeyaleta ni mimi. Nayaandika ili mwenye binti anayeanza kazi ya mikono asome, ajiangalie, asije akafanya nilivyofanya.

Dada yangu mkubwa alishona miaka mingi kwenye cherehani moja ya kukanyaga, nyeusi, chuma kitupu. Maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika upande mmoja tu, pale kiganja chake kilipokuwa kinapita kila siku. Goti lake la kulia lilipoanza kugoma, daktari akamwambia kukanyaga basi. Dada akaipakia kwenye mkokoteni, akamletea binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza mafunzo ya ushonaji. Hakuwa na hotuba. Alimwambia tu kwamba cherehani haipendi kukaa bure, akanywa chai yake, akaenda.

Ilifika wakati wake hasa. Kuna bwana mmoja anayesambaza mabegi ya shule, tunamwita Mzee wa Mabegi. Wiki hiyohiyo alimpa binti yangu vipande vya turubai vilivyokatwa tayari, zipu na mikanda ya begani, akamwambia ashone begi moja tu la mfano na alipeleke Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Likimridhisha, mabegi ya muhula mzima atashona yeye, tena akiwa nyumbani. Binti alirudi na kile kifurushi amekikumbatia kama mtoto mchanga. Chakula hakikupita. Alikuwa anazunguka meza, anavipanga vile vipande, anavipangua, anavipanga tena, huku anacheka peke yake.

Sasa shughuli ikawa cherehani. Turubai si kitambaa cha gauni. Kwa kukanyaga lingeshoneka, lakini begi moja lingekula siku nzima, na Mzee wa Mabegi si mtu wa begi moja kwa siku. Nyumba ikageuka bunge. Baba yao alitaka tuitoe hiyo ya zamani, tuongezee hela kidogo, tuchukue ile nyeupe ya umeme inayokaa kwenye dirisha la duka la cherehani, yenye mishono ya kila aina mpaka vimaua. Binti alitaka tuifunge mota cherehani hiyohiyo ya mama yake mkubwa. Mimi nilitaka waendelee kubishana, maana walipokuwa wanabishana hakuna aliyeshika umeme.

Nitawaambia kwa nini. Kabla sijaolewa nilikuwa nafagia kwenye kiwanda cha nguo. Siku moja niliona sindano ya mota ikipita kwenye kidole cha msichana, ikaingia ukuchani ikatokea chini, na uzi wake. Yule msichana alipona, baadaye hata alikuwa anakionyesha kidole anacheka. Mimi niliyekuwa nimeshika ufagio ndiye ambaye sikupona.

Tulimpigia dada kumwomba ruhusa. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Akamwambia binti yangu, "Nilikupa cherehani, sikukupa kaburi la kupalilia. Funga mota, badilisha, utajua mwenyewe. Ila nikija nikaikuta imefunikwa kitambaa, juu imewekewa chombo cha maua, tutagombana."

Basi akaitwa Fundi Kimya. Anaitwa hivyo kwa sababu tangu avuke kizingiti mpaka aondoke hanyamazi. Aliinama, akalizungusha gurudumu kwa mkono, akatega sikio. Akasema kichwa cha cherehani hii kitatuzika sote, kinachokosekana ni nguvu ya kukizungusha. Akafunga mota ndogo kwa nyuma, akavuta mkanda wa mpira kutoka kwenye mota mpaka kwenye gurudumu, akaweka pedali sakafuni na waya wake. Binti alipotoka kwenda kumwita baba yake aje kushuhudia, Fundi Kimya akanionyesha mimi, nikiwa peke yangu pale, nati moja inayoshikilia mota. Akasema hiyo ndiyo roho ya kazi yote, ikilegea mkanda unalegea, na mkanda ukilegea mota inazunguka bure.

Jumanne saa tisa alasiri akachomeka. Jamani. Binti aligusa pedali kwa ncha ya kidole cha mguu na ile cherehani ikaamka. Mstari ambao dada angeukanyaga mpaka jasho limtoke, ulikwisha kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Binti akatupa mikono juu. Akashona mwingine, akashona pembe, akazunguka pembe, akarudi. Meza ilitetemeka, vikombe kabatini vikaitikia. Baba yao naye akaomba zamu, akachukua suruali yake ya kazini iliyofumuka mguu, akaishona vizuri sana, tena pamoja na kitambaa cha meza. Tukacheka mpaka tukakaa chini. Na mimi nilikuwa nacheka, msione hivi. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha na kwa hofu, nikawa siwezi kuzitenganisha.

Kilichoniharibia ni vidole. Kila ile sindano ilipokuwa inashuka, niliviona vidole vya mwanangu viko karibu. Nikimwambia apunguze mwendo, ananijibu, "Mama, niache nizoee." Usingizi ukanipaa siku hiyo.

Jumatano asubuhi binti akaenda kununua uzi mnene. Nikachukua spana ya baba yao. Nikasema nailegeza kidogo tu, iende taratibu siku mbili tatu, akishazoea nitaikaza na hakuna atakayejua. Nikaipa ile nati nusu mzunguko. Halafu nikaona haitoshi, nikaongeza nusu nyingine. Nikarudisha spana mahali pake na nikaenda kufua.

Aliporudi akaanza begi. Mfuko wa mbele ulikubali, ingawa alisema leo imeamka vibaya. Zipu ilikubali kwa shida. Alipofika kwenye mkanda wa begani, pale matabaka manne yanapokutana, sindano ilishuka ikagoma kupanda. Mota ikawa inanguruma tu, gurudumu limesimama, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa chumbani. Alijaribu tena. Alijaribu kwa kusaidia na mkono. Akampigia Fundi Kimya, hapatikani, tukaambiwa amekwenda kufanya kazi sehemu isiyo na mtandao, na angerudi Jumamosi.

Binti alikaa akaitazama cherehani kama mtu aliyesalitiwa. Akasema, "Imechoka, mama. Mama mkubwa aliimaliza, sisi tumeletewa ganda."

Nilijibu, "Labda."

Nati ile ilikuwa ya hofu, na hofu ya mzazi mtu anaweza kuielewa. Lakini lile "labda" lilikuwa la uongo mtupu, na ndilo ninalowaonya nalo zaidi. Maana nilipolisema, kichwani nilikuwa nimekwisha iona ile nyeupe ya dirishani. Ina kikinga cha plastiki mbele ya sindano. Nikaona Mungu kanifungulia njia. Acha ya dada iende, ije yenye kikinga, na mimi nilale.

Alhamisi asubuhi tukaibeba, kichwa na mota yake tu, baba yao mbele, binti nyuma, mimi na pedali na kifurushi cha turubai. Muuza cherehani ni mtu wa maneno matamu. Aliiangalia ile nyeusi akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema ataichukua kwa kutusaidia tu. Halafu akamkalisha binti kwenye ile nyeupe. Lo, ilikuwa inang'aa. Binti akabonyeza kitufe, taa ikawaka juu ya kitambaa, akacheka, na mimi nikacheka. Alishona kipande cha pamba, safi kama maandishi. Kikinga kipo. Nikaanza kupumua.

Ndipo binti akatoa turubai. Muuzaji akamuuliza ni la nini. Akamwambia mabegi. Yule bwana akakohoa, akasema ajaribu polepole. Tabaka mbili zikapita. Kwenye tatu ikalalamika. Kwenye nne sindano ilikatika, kipande kikaruka kikagonga kioo cha kabati. Muuzaji akaeleza, tena kwa adabu, kwamba hii ni ya nguo nyepesi. Ya turubai ni ile kubwa ya kiwandani kule nyuma, na alipoitaja bei yake baba yao alijifanya hakusikia.

Binti hakulia. Afadhali angelia. Alivikunja vile vipande kimoja kimoja, kwa adabu, akavirudisha kwenye kifurushi. Akasema, "Basi. Nitampelekea Mzee wa Mabegi vitu vyake leo, nimwambie sina cherehani. Hii nyeupe tuichukue, nitashona mapazia."

Muuzaji alikuwa amekwisha shika ile nyeusi kwa mikono miwili, anainyanyua kuipeleka nyuma. Nikaona dakika moja tu imebaki. Ikivuka lile pazia la nyuma, hata nikisema ukweli kesho utakuwa hauna kazi.

"Iweke chini," nikamwambia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Haijachoka. Ni mimi niliyeilegeza."

Baba yao aligeuka polepole. Binti akaniuliza nimeilegeza nini, nikamwonyesha nati. Akaniuliza lini, nikamwambia. Akaniuliza kwa nini, na hapo nikanyoosha kidole changu nikagusa ukucha. Sikuwa nimewahi kumsimulia mtu habari ya yule msichana wa kiwandani mpaka pale.

Alimwomba muuzaji spana. Akaisukuma mota chini, akaukaza mkanda, akaikaza nati mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Akachomeka palepale kwenye umeme wa duka. Kwanza akaweka tabaka nne. Ikapita. Akakunja, zikawa sita. Ile cherehani ilitoa sauti nzito, kama mtu anayejisafisha koo, ikapita. Wateja wawili waliokuwa wanachagua vifungo wakasogea kuangalia. Binti uso ulikuwa umekunjamana kwa hasira na huku meno yote yako nje, hawezi kuyaficha. Muuzaji akaguna, akasema, "Mama, ukikosa kazi njoo. Kuna washindani wangu wawili mtaa wa pili, ukawalegezee na za kwao."

Tulipofika nyumbani, binti akaiweka cherehani mezani, akavuta kiti, akaniambia, "Kaa."

Nikasema mimi sijui. Akasema, "Ndiyo maana unaogopa. Kaa, mama."

Akanionyesha kumbe kuna vitu alivyofundishwa ambavyo sikuwahi kumuuliza. Ukitunga uzi kwenye sindano, unachomoa umeme kwanza. Mguu hauwi kwenye pedali mpaka mikono yote miwili iko mahali pake. Vidole vinakaa pembeni mwa kitambaa, kushoto na kulia, kitambaa kinatembea chenyewe, hukisukumi. Akanishika viganja akaviweka. Akaniambia, "Ungeniuliza tu. Ningekuonyesha siku ileile." Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana mpaka leo linaniwasha.

Kisha nikagusa pedali. Nikaruka, ikaruka. Nikagusa tena. Kitambaa kikaanza kutembea chini ya mikono yangu, mstari unatokea nyuma yake, na mimi ndiye ninayeutoa. Umepinda kama njia ya mbuzi, lakini wangu. Nikapiga kelele za furaha hadi baba yao akatoka bafuni na sabuni usoni.

Begi lilikwisha jioni ileile, jua halijazama. Bluu, mfuko mbele, zipu inayoteleza, mikanda imeshonwa kwa mraba wenye msalaba ndani yake, isifumuke. Binti aliweka matofali mawili ndani akalivaa, akarukaruka uani. Hata uzi mmoja haukulia.

Ijumaa saa nne akaondoka nalo. Mimi nikabaki na vipande vya mabaki. Nikasema nitashona mstari mmoja tu kupunguza mawazo, nikachomoa umeme, nikatunga uzi, nikachomeka. Ukawa mistari kumi. Ikawa mraba. Nilikuwa katikati ya pembe ya tatu, ulimi nje, niliposikia mlango na pumzi za mtu aliyetoka mbio. Kwa jicho la pembeni nikaona furushi kubwa la turubai juu ya kichwa chake, limefungwa kwa kamba, limezidi mabega yake, na nyuma yake mtu wa mkokoteni anashusha jingine.

"Mama," akasema.

Nikamwambia asubiri kidogo nimalize pembe, vidole viko mahali pake.