Kigelegele Kisichoitikiwa

Wimbo ulipotoka, Nyamirambo nzima iligawanyika. Waliompenda Gaju walisema tangu Kigali iitwe Kigali hajatokea msichana wa miaka kumi na tisa mwenye koo kama lile. Wasiompenda walisema anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Lakini wote, wapenzi na wasiopenda, wakifika katikati ya wimbo walinyamaza. Pale ngoma inakatika, gitaa linakatika, Gaju mwenyewe ananyamaza, na mwanamke asiyejulikana anasafisha koo kidogo, khm, halafu anapiga kigelegele. Kirefu, chembamba, kinapanda, kinapanda tena, na mwisho kinavunjika kama kijiti kikavu. Baada yake kimya. Halafu ngoma inarudi.

Aidah alikisikia mara ya kwanza Jumatatu asubuhi, akitia mpira kwenye sketi ya shule. Kilitoka kwenye simu ya Raïssa, fundi mwenzake wa barazani, anayeshona huku kucha zake zimepakwa rangi mbili. Mkono wa Aidah ulibaki juu ya gurudumu la cherehani. Hakumtazama Raïssa. Alimtazama baba yake.

Mzee Nasiri alikuwa kwenye cherehani ya mwisho, karibu na mlango, na suruali ya mteja mapajani. Aliiweka chini polepole, akavua miwani, akasimama. Akaenda mpaka ukingo wa baraza, akatazama barabara kushoto, akatazama kulia.

"Mama yenu amefika," alisema. "Kamfungulieni geti."

Mukabalisa, mke wake, alikuwa kaburini mwaka na miezi miwili.

*

"Mimi nakwambia huyo si mtu, sha. Iko mzimu." Aliyesema hivyo ni Niyongabo, dereva wa pikipiki, ambaye husubiri abiria mbele ya baraza lao na kusubiri maneno kuliko abiria. "Nimehesabu mwenyewe. Sekunde kumi na tisa bila kuvuta pumzi. Mtu gani wa nyama anaweza?"

"Wewe mapafu yako imejaa vumbi ya Bugesera, lazima ushangae," Raïssa alimjibu. "Hiyo ni kompyuta. Wanachukua sauti ndogo, wanaivuta kama mpira wa chupi."

"Na ile khm? Kompyuta nayo imepata mafua?"

Wakacheka mpaka mwenye saluni ya ng'ambo, Mama Shami, akatoa kichwa nje kuuliza kuna nini. Akaambiwa. Naye akasema anachojua yeye: kuna mchungaji kwenye YouTube amesema wimbo ule usipigwe nyumbani mwenye mgonjwa. Na mteja wake mmoja amesikia kigelegele kile simu ikiwa imezimwa.

"Aliisikia kwa jirani huyo," Raïssa alisema.

"Jirani yake ni shamba la mihogo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki ile. Wapenzi wa Gaju, wanaojiita Jeshi la Gaju, waligombana usiku na mchana kwenye simu zao. Mmoja alisema sauti imerekodiwa makaburini. Mwingine alisema Gaju ameiba kwa Wakongo. Mwingine aliapa kwamba ukiisikiliza kinyumenyume inataja jina la mtu. Aidah alikuwa akikata nyuzi tu. Alisoma mpaka darasa la sita tu, na alichojua kwa uhakika alikijua kwa kutazama. Na hili alilijua.

Mama yake alikuwa na jina kwa kigelegele chake. Hapakuwa na arusi kuanzia Biryogo mpaka Mumena ambapo hawakumwita. Kila mara, kabla ya kuanza, alisafisha koo, khm, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Ya mwisho ilikuwa Gahanga, kwenye arusi ya binti anayeitwa Lillian. Aidah ndiye aliyeshona mishanana, yale mavazi ya kufunga begani, ya wasindikizaji. Wakati ule kifua cha mama kilikuwa kimeshaanza, na daktari alikuwa amemkataza kupaza sauti. Bibi arusi alipotoka, pindo la nguo likawa limeachia. Aidah akapiga magoti kulishika, akiwa na pini tatu midomoni. Akamtupia mama jicho, na jicho lile lilisema: Mama, watu wanakungoja.

Mama akapiga.

Kwa kawaida mmoja akianza, wengine wanadaka. "Kigelegele ni kama salamu," Mukabalisa alikuwa akisema, "kinataka mwenzake." Siku ile hakuna aliyedaka. Wanawake wote walikuwa wameinua simu juu wanarekodi, kila mmoja amejizuia asiharibu video yake. Mashangazi walirekodi, na wasindikizaji nao. Aidah alikuwa na pini midomoni. Kigelegele kilipanda peke yake, kikavunjika peke yake, na mama akaketi akishika kifua na kutabasamu kama mtu aliyesalimia chumba kisicho na watu. Baada ya wiki sita wakamzika.

Ndiyo maana sauti ilikuwa safi namna ile, mpaka Gaju akaiokota mahali na kuiweka katikati ya wimbo wake. Haikuwa na mtu mwingine ndani yake.

*

Kama ingekuwa simu ya Raïssa tu, Aidah angemwomba aizime. Lakini wimbo ulikuwa kwenye magari, kwenye bucha, kwenye saluni ya Mama Shami, kwenye simu za wanafunzi wanaoteremka mlima. Mama alikuja vipande vipande kutoka kila upande wa mji. Kila alipokuja, baba alisimama. Chakula cha mchana akasimama. Akiwa anatawadha akasimama, maji yakimchuruzika viwikoni. Siku ya nne alitoka na futi yake shingoni akafuata gari lililokuwa likipiga wimbo ule mpaka Rwezamenyo, bila viatu. Niyongabo ndiye aliyemrudisha kwa pikipiki, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni.

"Aidah," alisema, "mzee alikuwa anaongea na gari. Anamwambia mtu ndani yake ateremke."

Jioni Aidah alimwosha baba yake miguu. Alikuwa amekonda. Chakula alikuwa hakitaki, alisema atakula mwenzake akiingia.

"Baba, mama hayuko getini. Ni wimbo. Wamechukua sauti yake."

"Najua ni wimbo," mzee alisema, na macho yake yalikuwa meupe na ya kawaida kabisa, na hicho ndicho kilichomtisha Aidah. "Mimi si mtoto. Lakini anaita, na hajaitikiwa. Utaingiaje ndani kama hujaitikiwa? Wewe ulikuwepo. Kwa nini hamkumwitikia?"

 Aidah aliendelea kusugua visigino ambavyo vilikuwa vimeshatakata.

Kaka yake, Mugabo, alipata habari akaja kutoka Busanza siku iliyofuata. Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuegemea.

"Jumatano nakuja kumchukua," alisema. "Kwangu kumetulia. Akiendelea hivi, tutampeleka Ndera madaktari wamtazame. Usinikazie macho, dada yangu. Ndera ni hospitali ya akili, si laana."

"Sijasema ni laana, kaka. Nasema ataendelea kungoja. Hapa akisimama, najua anamngoja nani. Huko kwako nani atajua?"

"Na hapa utamfanyia nini wewe? Utamfungia mji mzima redio?"

Usiku ule Aidah hakulala, lakini hilo si la kusimulia. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, aliandika kwenye ukurasa wa Gaju, polepole, kwa kidole kimoja: Huyu anayepiga vigelegele ni mama yangu. Anaitwa Mukabalisa. Amekufa. Naomba tuongee.

Majibu yalikuja kabla hajatia uzi kwenye sindano.

Hata mimi ni nyanya yangu, aliandika mmoja. Mwingine: Dada, wewe ni wa kumi na nne leo, panga foleni. Mwingine: Mama yako alikufa na bado anatoa nyimbo, mimi niko hai sina hata moja. Mwingine akamwambia alete ushahidi. Aidah alifikiria ushahidi wake. Ulikuwa khm. Akafuta maneno yake yote, akaweka simu kifudifudi juu ya meza.

Mchana huohuo Gaju mwenyewe alitokea kwenye simu ya Raïssa, mubashara, na kofia ya sufu na macho ya kutolala. Mtoto kabisa. Alisema sauti ile aliikuta kwenye video ya arusi, mwenye sauti hamjui, na aliipenda kwa sababu ilimfanya ajisikie kuna mtu anafurahi kwa ajili yake. Lakini sasa watu wanamtukana, wanamwita mchawi, mama yake mzazi amelia. Basi. Jumatano saa saba mchana ataweka wimbo mpya bila kigelegele, na ule wa zamani ataufuta.

"Haki ya Mungu!" Raïssa alipiga meza. "Wamemuogopesha, wajinga hawa. Bila kigelegele wimbo umebaki nini? Mifupa."

"Afadhali mifupa," alisema Niyongabo. "Mifupa haikohoi."

Mzee Nasiri alikuwa amesikia kila neno. "Jumatano," alisema, si kwa mtu yeyote.

Aidah alihesabu siku. Wimbo ukifutwa, huenda baba angetulia. Au huenda angebaki amesimama ukingoni mwa baraza mpaka siku zake ziishe, akimngoja mtu ambaye sasa hata kuita haiti tena. Aligeuza jambo lile huku na huku kama kitambaa kisichojulikana uso wake ni upi.

*

Jumatano Mugabo alikuja mapema, akafunga nguo za baba kwenye begi la bluu. Mzee alivaa kanzu aliyopewa, akaketi karibu na mlango, mikono juu ya magoti. Hakubisha. Hiyo pia ilimtisha Aidah.

Saa saba kasoro kidogo, mtaa ulianza. Jeshi la Gaju walikuwa wameambiana waupige wote kwa pamoja mara ya mwisho, kila mtu alipo. Raïssa akaleta spika ya saluni, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Nauaga tu."

"Raïssa, zima hiyo!" Mugabo alisema.

"Mwache," alisema Aidah.

Wimbo ukaanza. Ulianza pia bucha, ukaanza kwenye gari lililosimama, na ng'ambo ya barabara, kila mmoja umechelewa kidogo nyuma ya mwenzake, hata mtaa ukawa kama pango. Gitaa likakatika hapa, likakatika pale. Khm, kwenye spika. Khm, kwenye bucha. Khm, garini. Mzee Nasiri alisimama. Uso wake ulielekea barabarani, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu anayetaka kutaja jina mbele za watu akaona haya.

Kigelegele kikapanda. Aidah alikisikia kikielekea mahali kinapovunjika. Hakuwahi kupiga kigelegele maisha yake yote, kwa sababu mwenye mama kama yule hupiga cha nini? Alisimama. Akafungua mdomo. Kilichotoka kwanza kilikuwa kibaya, kama jogoo mchanga, na Niyongabo akageuka kumtazama. Akavuta pumzi, akajaribu tena, ulimi ukapata njia, na mahali pale ambapo mama yake alivunjika, yeye akadaka.

Raïssa alimtazama sekunde moja, kisha akadaka. Hakujua kwa nini. Ndani ya saluni wanawake walisikia, na wanawake wa Nyamirambo wakisikia kigelegele hawaulizi kwanza. Wakadaka. Nyuma ya saluni, uani kwa watu, kikadakwa. Kikapanda mlima nyumba kwa nyumba, na ngoma ya Gaju iliporudi hakuna aliyeisikia.

Mama Shami ndiye aliyefika wa kwanza, na taulo begani na rangi ya nywele mikononi, nyuma yake wateja wawili wenye vichwa vilivyosukwa nusu.

"Hongereni! Hongereni sana! Nani amejifungua? Au ni wewe Aidah, umechumbiwa kimyakimya?"

Wengine walikuwa wakija, mmoja amebeba soda, wakitafuta mtoto au bwana arusi. Mugabo alikuwa na begi mkononi na hakujua atazame wapi.

"Hakuna aliyejifungua," Aidah alisema. Koo lilikuwa linamwuma. "Ni mama yangu. Anayepiga kwenye wimbo ni mama yangu, Mukabalisa. Alipiga, na siku ile hatukumwitikia."

Hakuna aliyecheka.  Mama Shami alikuwa amemjua Mukabalisa miaka ishirini. Alikuwa amesikiliza wimbo ule mara mia, na kumdhania mzimu. Taratibu alianza kujifuta rangi mikononi, ingawa haikuwa ikitoka.

"Na tumekuja na furaha," alisema. "Sasa tunaondokaje?"

"Msiondoke," alisema Mzee Nasiri. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyenyamaza siku nyingi. "Mmechelewa, lakini mmefika. Kaeni." Akamgeukia mwanawe. "Mugabo, kabla hatujaondoka, rudisha hilo begi ndani kidogo, uweke maji motoni. Wageni hawajapata chai."

Mugabo alimtazama dada yake. Akaenda.

Viti havikutosha, wakakaa juu ya marobota ya vitambaa. Kwanza walinong'ona kama msibani, halafu mmoja akakumbuka siku Mukabalisa alipopiga kigelegele mpaka mbuzi wa mahari akakata kamba, na wakacheka kwa shida. Chai ilipokuja, mzee alilishika birika mwenyewe. Alikula kipande cha mkate, kisha kingine, bila kumngoja mtu.

Ilikuwa imeshapita saa saba. Gari moja lilipita polepole likipiga wimbo mpya. Watu wote wakanyamaza. Ngoma ikakatika, gitaa likakatika, Gaju akanyamaza, na pale katikati pakapita hewa tupu, ndefu kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Mzee Nasiri aliendelea kumimina chai, kikombe baada ya kikombe, na hakuinua kichwa.

Aidah ndiye aliyekuwa amesimama, tayari yuko ukingoni mwa baraza, anatazama barabara kushoto, na kulia.