Dawa Iliyovaa Kinyago

Kila asubuhi, kabla uji wa mahindi haujachemka, Araba Quainoo husimama nyuma ya jiko la mama yake na kupuliza sauti moja ndefu kwenye tarumbeta, mpaka kuku wa jirani watawanyike. Asubuhi ile sauti ilikatika katikati. Alijigusa pembe ya mdomo. Palikuwa pakimwasha, kama pamepakwa pilipili.

Aliijua hali hiyo. Kesho kutwa ilikuwa Mwaka Mpya, siku ambayo vikundi vya vinyago vya Winneba hushindana mbele ya mji mzima, naye ndiye mpiga tarumbeta wa kwanza wa kikundi chao. Mwaka uliopita malengelenge yalimtoka mdomoni. Akapiga hivyo hivyo, wimbo ukatoka ukikoroma, wakashika mkia. Baba Amissah, kiongozi wa bendi, hakumgombeza. Alisema tu kwamba yakimtoka tena, tarumbeta ya kwanza itakwenda kwa Tawia, mpigaji wa pili.

Araba aliacha uji mekoni, akakimbilia duka la dawa la Anti Esaaba.

Anti alishangaa. Si alimpa vidonge mwaka jana? Araba akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba alivihifadhi mpaka asubuhi ya mashindano. Katika kikundi chao kitu kipya hakiguswi kabla ya siku yenyewe, iwe nguo, viatu au kinyago, naye aliona dawa nayo ni hivyo hivyo. Alipovimeza, malengelenge yalikuwa yameshapasuka.

Anti Esaaba alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akamwonea huruma.

"Sikiliza, mwanangu. Virusi vya hapesi, hivi vinavyokutoa malengelenge mdomoni, vikiamka, vinaingia ndani ya chembe za mwili na kuanza kujinakili. Ni kama kupanga msafara: huyu anamshika huyu mkono, yule anamshika mwingine. Dawa inakuja imevaa kinyago, inafanana na watu wa msafara. Na anayeivisha kinyago hicho ni kirusi mwenyewe. Chembe yenye afya haiivishi, ndiyo maana dawa haiidhuru. Basi dawa inaingia kwenye mstari, inamshika mkono aliye mbele. Wa nyuma anatafuta mkono wa kushika, hakuna. Msafara unakatika."

"Kwa hiyo vinakufa?"

"Havifi. Vinarudi kulala kwenye neva, huko nyuma ya shavu. Lakini msafara ukishapita mjini, utaukata nini? Meza sasa, hapa hapa, nikuone."

Akampa vidonge vipya na maji. Araba akameza.

Mazoezini jioni Tawia alimwona akijipapasa mdomo. "Dada Araba, safari hii umembusu nani? Mwambie apunguze meno." Bendi nzima ikacheka. Araba akajibu kwamba ni harmatani, na kwa kuwa upepo ule mkavu ulikuwa umepasua midomo ya kila mtu, wakamwamini. Alimeza vidonge kwa saa alizopangiwa, akijificha chooni kama mwizi.

Asubuhi ya Mwaka Mpya alikwenda kwenye kioo akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, aliona kidoa chekundu, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Hakuna lengelenge. Alipuliza, na kuku wakatawanyika mpaka barabarani.

Uwanjani alipiga kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Sauti ilipanda safi, ikapita juu ya ngoma na juu ya wachezaji waliopanda magongo marefu, na watu wa vinyago wakacheza mpaka vumbi likafunika viatu vyao vipya. Waamuzi walipotaja kikundi chao, Baba Amissah alikaa chini akafuta macho kwa kofia.

Sasa ilibaki desturi yao. Kikundi kikishinda, tarumbeta ya kwanza hupita mdomo kwa mdomo, kila mpigaji apulize sauti moja ya ushindi. Tawia alikuwa ameshanyoosha mkono. Araba hakuiachia.

"Ameshaota mapembe huyu," Tawia akasema. "Ushindi wa saa moja tu, hatujui tena."

Baba Amissah akamgeukia Araba. Araba alikichomoa kidomo, kile kikombe kidogo cha shaba anachogusa kwa midomo, akakifumbata.

"Si harmatani," alisema, na safari hii sauti yake haikukatika. "Nina hapesi. Virusi vyake vinaishi mwilini mwangu na havitatoka. Dawa imevizuia kuzaana, ndiyo maana leo mmenisikia. Lakini vinaweza kupita hata pasipo kidonda, kwa hiyo kidomo changu hakipiti. Kila mtu achomoe cha kwake akichomeke hapa, tarumbeta ipite. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana mwaka ujao nitapiga tena mimi."