Mwalimu wa Mumewe

Mke akimwona mumewe anaichekea simu, hahitaji kuambiwa. Huyu alikuwa mwandishi wa programu, na mumewe fundi cherehani. Fundi alipotoka kwenda kumpima mteja, mke akainyakua ile simu.

Mpenzi hakuwemo. Alikuwemo Tausi, mwanamke wa kundi la mtandaoni la wanaojifunza programu, anamsaidia fundi kutengeneza programu ya kuhifadhi vipimo vya wateja. "Umejaribu nini mpaka sasa?" Tausi alimuuliza. Na mume, ambaye nyumbani ukipata "sawa" kutoka kwake umshukuru Mungu, alikuwa amemjibu kwa insha nzima!

Wivu ukampanda mke. Heri angekuwa hawara, angejua pa kuanzia. Na kundi lenyewe, yeye mke ndiye mkongwe wake.

"Mke unaye ndani, unafundishwa na watu baki?" alimvaa aliporudi tu.

Fundi akavua futi yake shingoni taratibu. "Nilikuuliza wewe kwanza, mama watoto. Hukohuko kundini, najiita Sindano. Ukanijibu nikasome kwanza, nisiwapotezee watu muda."

"Sasa ningejuaje kama ni wewe?"

"Kwani angekuwa mwingine ndiyo ingefaa?"

Mke akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo kompyuta."

Kila mara fundi alipoingiza mteja mpya, vipimo vya mteja wa kwanza vilifutika. Mke akasogeza kiti, akafuta nusu ya kazi ya mumewe, akaandika yake chapuchapu, akajaribu wateja wawili. Wote wakabaki.

"Haya! Huyo Tausi wako angekuzungusha wiki nzima."

"Asante," mume alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Mke akaenda jikoni kichwa juu. Hajabandika hata sufuria, simu yake ikalia: ujumbe wa kundi, kutoka kwa Sindano.

"Tausi, mke wangu kaitengeneza, inafanya kazi. Ila sielewi hata mstari mmoja, na naona haya kumuuliza."

Tausi hakukawia. "Usione haya, ndugu yangu. Rudisha ile yako, tuanzie pale ulipokuwa bado unaelewa."

Mke alilisoma jibu la Tausi mara tatu, anatafuta kosa, alipate amuumbue mbele ya kundi zima. Akalitafuta tena, machozi yanamlengalenga. Kosa halikuwepo.