Taa Iliyochelewa

Kaka mkubwa, ambaye kila mtu alimwita Macho, hakuwa amesikia sauti yoyote tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne. Kiwandani alisimama kwenye mashine ya kukata maboksi. Kisu kilipokaribia kushuka wenzake walisikia king'ora. Yeye aliangalia taa nyekundu. Miaka kumi na mmoja aliiangalia taa hiyo, na kila jioni alirudi nyumbani na vidole vyake vyote kumi.

Kisha ile ya zamani ikatolewa, ikafungwa ya LED, na wiki ya tatu kisu kikachukua ncha ya kidole chake cha shahada.

Msimamizi aliandika neno moja kwenye faili: uzembe. Mama yao alisema ajali haina kinga, akamwekea mwanawe mto chini ya mkono. Macho mwenyewe alianza kuamini kwamba alipitiwa. Ila jambo moja alilirudia kwa ishara kila alipomwona mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba ile: taa iliwaka kisu kikiwa tayari kinashuka.

Mdogo wake alielewa upesi kuliko alivyotaka. Saketi ya kuendesha taa ile aliichora yeye. Kwenye karakana ya kutengeneza taa alikofanya kazi walimpigia makofi kwa ajili ya saketi hiyo, maana taa isipotumika, saketi ililala kabisa, haikula umeme hata chembe.

Kesho yake aliomba taa ile iletwe, akaiunganisha na chombo cha kupimia, akabonyeza swichi. Mstari kwenye kioo ulikaa chini, ukakaa, ndipo ukapanda. Nusu sekunde na ushei. Saketi ikiamshwa ilibidi kwanza ijaze umeme kwenye kapasita yake, kama mtu anayesubiri ndoo ijae ndipo anawe uso. Alipoitengeneza alipima joto, umeme na uimara. Muda wa kuamka hakuupima, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kwa sababu ana masikio.

Mhandisi mkuu, mzee mpole aliyemfundisha kazi, aliutazama mstari ule. Mwishowe akamkumbusha kwamba taa ilifaulu vipimo vyote vilivyotakiwa. Mengine, funika kombe mwanaharamu apite.

"Aliyeumia ni kaka yangu, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia, binti yangu. Mzigo huu utaubeba peke yako."

Jioni binti alimkuta Macho jikoni akiosha vyombo kwa mkono mmoja. Akafunga bomba, akasimama mahali atakapoonekana vizuri.

"Hukupitiwa," alimwambia kwa ishara. "Taa ilichelewa. Niliyeitengeneza ni mimi."

Macho alijifuta mkono taratibu, akatoka uani. Mama alitaka kumfuata, binti akamshika kanga. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwezi mzima nimejitukana," alisema kwa ishara. "Unaweza kuifanya iwahi?"

"Naweza kujaribu."

"Basi tujaribu wote. Wewe unasikia mno."

Mhandisi mkuu aliwaona wawili hao wakiingia karakanani asubuhi. Alisogeza makaratasi yake na kuwaachia meza. Kwanza binti aliweka kapasita ndogo: taa iliwahi, lakini ilitetemeka, na Macho akasema inamchoma macho. Siku iliyofuata aliusukuma mkondo kwa nguvu mwanzoni. LED zikaungua, harufu ikajaa chumba, na Macho akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya ajali.

Mwisho aliacha kuilaza saketi. Mkondo mdogo ukawa unapita kwenye njia ya pembeni muda wote, na transista moja, kama lango, ikipata amri, inaifunga njia hiyo na kuuelekeza kwenye LED papo hapo. Mstari ukapanda wima kama ukuta. Umeme uliopotea ulikuwa ule ule aliosifiwa kwa kuuokoa.

Macho hakuridhika na mstari. Alitaka rula ndefu ya chuma ining'inizwe kwenye sumaku, iachiwe kwa swichi ile ile ya taa. Kwa taa iliyochelewa, rula ilifika sakafuni kila mara. Kwa hii mpya aliidaka mara ishirini mfululizo, kwa vidole tisa na nusu, kama alivyojisifu mwenyewe.

Mhandisi mkuu alihesabu. Kisha akaketi, akaandika barua ya kurudisha taa zote za aina ile, akaeleza kosa lilikuwa wapi, na akatia saini yake juu ya saini ya binti.

Neno lile, uzembe, likafutwa kwenye faili. Macho alirudi kazini Jumatatu, mkono wake ukiwa bado na woga. Msimamizi alikuwa amemwomba mdogo mtu amfundishe ishara ya samahani. Alisimama mbele ya wafanyakazi wote, jasho likimtoka, akafanya ishara ya asante.

Macho alimtazama kidogo, akamshika mikono, akamrekebisha.