Kabati la Mandazi na Baridi ya Julai

Nimeshadanganya watu wengi maishani, na wengi walistahili. Lakini asubuhi ile nilisema ukweli mtupu, na ndio nusura unifukuzishe nyumbani.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ya kukufanya uvae soksi mbili zisizofanana bila aibu. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimesimama nje ya nyumba ya anti yangu Kathini, hapo Kianda, mikono kwapani, nikilinda kabati lake la mandazi. Kulinda ni neno kubwa. Nilikuwa nasubiri aingie ndani kuchukua karai la pili ili niibe moja. Kabati lilikuwa juu ya meza, hatua tatu kutoka kwangu, mandazi ya kwanza yakitoa mvuke nyuma ya kioo. Anti akaingia. Kabla sijainua hata mguu, kioo kikalia paa, kama mfuniko wa sufuria umeanguka kwa simiti. Nilipofumbua macho hakukuwa na kioo. Kulikuwa na punje, maelfu ya punje, kama mtu ameyanyunyizia mandazi chumvi ya mawe.

Anti akatoka na karai. Akaangalia mandazi, akaangalia punje, akaniangalia mimi.

"Nyamai."

"Anti, kimepasuka chenyewe."

Eddah, jirani yetu wa duka la soda, alikuwa amefika na sahani yake kununua kiamshakinywa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chenyewe," akasema. "Kimechoka na maisha."

Siwalaumu. Mwezi wa tatu nilimwambia anti kwamba kuna watu wanapita wakihesabu paka wa kila nyumba, na mwenye paka asiyeandikishwa atajieleza kwa chifu. Paka wetu alikaa siku mbili chini ya karai la kufulia. Ukishamfanya mtu afiche paka wake, ukija kumwambia kioo kimejipasua, wewe mwenyewe ungejiamini?

Anti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitupa mandazi yote kwa ndoo ya taka, moja moja, kisha akafuta mikono kwa leso.

"Utani ni utani," akasema. "Lakini hilo kabati ndilo linatulisha. Kama ni wewe, sema ni wewe, nikasirike tumalize. Ukinidanganya, ufunguo wangu uache hapo mezani, utafute kwako."

Nimekaa kwa anti miaka saba, tangu mama yangu afariki. Sina kwangu. Na mbaya zaidi, sikuwa na uongo wa kukiri.

Kilichonichanganya ni kwamba kioo chenyewe hakikuwa cha kuvunjika. Kilikuwa kile kioo kigumu kilichochomwa kiwandani, kilichowahi kuwa mlango wa bafu kwenye ofisi fulani iliyobomolewa. Okeyo, fundi wa Kawangware aliyetengeneza kabati, alisema hakikatwi tena, ukikikata kinakuwa unga. Kwa hivyo alikipima kioo kwanza, halafu akatengeneza fremu ya alumini ya kukitosha. Siku ya kulileta alikigonga katikati kwa ngumi. Anti akakigonga kwa kijiti cha kusukumia chapati. Mimi nikakigonga kwa kichwa, nikabaki na nundu wiki nzima. Kioo kikabaki kioo. Sasa kitu kilichoshinda kichwa changu kiuawe na baridi?

Nikaamua kumfuata Okeyo. Nilitembea kutoka Kianda mpaka Kawangware nikitoa moshi mdomoni kama lori bovu. Nilimkuta akiota jiko la makaa, kofia mpaka kwenye nyusi.

"Niaje, fundi."

"Poa. Mbona uso wa matanga?"

Nikamweleza. Akakuna ndevu.

"Uliketi juu yake?"

"Fundi, hata wewe?"

"Omera, ndugu yangu, nauliza tu. Wewe ndiye uliniambia Kawangware imehamishiwa Kiambu."

Lakini Okeyo ni mtu wa haki. Alichukua kipande kidogo cha kioo cha aina ile ile, kilichokuwa rafu ndogo ya bafu hilo hilo, akakifunga kwa gunia, tukarudi pamoja. Nilijua nimepata shahidi. Angemwambia anti, mama, ni baridi, kesi ingeisha.

Okeyo hakusema hivyo. Alimwomba Eddah akiweke kile kipande kwa friza ya soda, kisha akaagiza chai. Tulikunywa vikombe viwili viwili, Eddah akinitazama kama mtu anayesubiri hukumu isomwe. Kioo kilipotoka kilikuwa kimeota ukungu mweupe. Okeyo akakilaza juu ya mawe, akachukua birika la maji yaliyokuwa yakichemka, akamimina yote.

Mvuke ulipanda. Kioo kilikaa pale, kimetulia kama mtoto wa pasta.

"Mnaona?" Okeyo akasema kwa furaha, kama mtu aliyesahau kilichomleta. "Baridi haikiwezi. Joto halikiwezi. Hiki kinavumilia vyote viwili."

"Basi ni Nyamai," anti akasema.

Nilimwangalia shahidi wangu. Shahidi wangu akaangalia birika.

"Ngoja, mama," akasema, mara hii polepole. "Uso wake ni chuma, lakini ukingo wake ni yai. Ukingo ukiumizwa na kitu kigumu, kinaweza kukaa hata mwezi, halafu siku moja kinapasuka bila kuguswa. Na alumini ikishikwa na baridi hujikunyata kuliko kioo. Ndiyo maana niliweka mpira kati yao. Kulikuwa na kitu kigumu pale kwa fremu?"

"Hakuna," nikasema. Niliamini hivyo kabisa.

Okeyo akavua kofia. "Basi kosa ni langu. Labda kilikuwa na ufa toka ofisini na sikuuona. Mama, usimfukuze kijana. Nitakutafutia kingine, kazi sitakulipisha."

Anti akanishika bega, kitu ambacho hafanyi. "Nimekuonea leo," akasema. Hata Eddah alinipa soda. Okeyo akaondoka na kipande chake, na mimi nikachukua ufagio kufagia punje, nikijiona mtakatifu.

Ndipo ufagio ukasukuma kitu kilicholia tofauti.

Kilikuwa kizibo cha soda, kimepondwa bapa, meno yake yamekunjika upande mmoja. Nilikijua. Nilikiponda mwenyewe kwa jiwe. Wiki tatu nyuma, mpira wa Okeyo ulidondoka kona ya chini, na kila anti alipobeba kabati kwenda nje, kioo kililia tratatata. Akaniambia, "Nyamai, kinyamazishe." Kwenda Kawangware kuleta mpira kulikuwa mbali na kizibo kilikuwa karibu na mguu wangu. Nikakipigilia pale kati ya fremu na kioo, kioo kikanyamaza, nikasahau.

Nilisimama na kile kizibo mkononi. Kwa hiyo sikugusa kioo, na mimi ndiye niliyekipasua. Baridi ilibana fremu, fremu ikabana kizibo, kizibo kikauma ukingo, na mimi hatua tatu mbali nikipanga kuiba andazi. Nilikuwa nimesema ukweli au nilikuwa nimesema uongo? Mpaka leo sijui vizuri. Nilichojua ni kwamba ningekitupa kizibo kwa mtaro, kesi imekwisha, isipokuwa Okeyo alikuwa anarudi Kawangware na kosa langu kichwani mwake.

Niliingia ndani. Anti alikuwa anakanda unga mwingine.

"Anti, ni mimi niliyepasua kioo."

Akacheka. Akacheka kweli, unga mpaka kwenye viwiko. "Wewe kijana huchoki. Juzi paka, leo hivi. Toka hapa."

Nikaweka kizibo mezani. Kando yake nikaweka ufunguo. Nikamweleza kuhusu tratatata.

Kicheko kiliisha kidogo kidogo. Alikiokota kizibo, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye yale meno.

"Mimi ndiye nilikwambia ukinyamazishe," akasema.

"Ndiyo."

"Na hukukigusa asubuhi."

"Sikukigusa."

"Sasa nikasirikie nini hapo?" Alikuwa anauliza kweli, amekunja uso kama mtu aliyepewa hesabu ya mtoto wa shule. Alirudi kukanda. Alikanda muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

"Nenda umwambie fundi kosa si lake," akasema bila kugeuka. "Umwombe mpira. Wa kona zote nne. Mimi natoka kwenda kusaga mahindi, kwa hivyo ufunge mlango vizuri."

Nikangoja nisikie kama kuna lingine. Hakukuwa. Nikachukua ufunguo mezani, nikatoka, nikafunga kufuli na kulivuta mara mbili. Nilikuwa nimefika kwa duka la Eddah ndipo nikasikia anti akinigongea mlango kutoka ndani.